Gari Kutetemeka na Kukosa Nguvu Baada ya Kubadilisha Kamshafti: Namna ya Kutafuta Kosa Hatua kwa Hatua

"Injini ilikuwa ikigonga upande wa juu, fundi akafungua, akakuta nundu za kamshafti (mhimili unaofungua valvu za injini) zimelika, ikatafutwa nyingine ikafungwa. Sasa mlio umekwisha, lakini gari linatetemeka kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta), linamisi (silinda inakosa kuwaka), halivuti kilimani na taa ya injini haizimiki. Ninunue sensa gani?" Swali hili huulizwa mara kwa mara na wenye magari na mafundi wanaoanza kazi hapa Arusha na Moshi, na jibu lake la kwanza ni kwamba usinunue sensa yoyote kwa sasa. Injini iliyokuwa ikizunguka sawasawa kabla ya kufunguliwa, kisha ikaharibika mwendo mara tu ilipofungwa, kwa kawaida ina kosa mahali palepale ilipopita mikono. Huko ndiko kwa kuanzia, na vipimo vingi vya kuanzia havihitaji kununua kipuri chochote.

Mwongozo huu unahusu injini za petroli zenye silinda nne na kamshafti mbili juu, za aina inayopatikana kwenye Toyota IST (1NZ-FE na 2NZ-FE), Corolla za zamani (5A-FE) na RAV4 za kwanza (3S-FE). Injini ya dizeli ya 1HZ, iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za utalii, ina kamshafti moja, na mkanda wake wa taimingi (unaofanya valvu zifunguke kwa wakati unaolingana na mwendo wa pistoni) huzungusha pia pampu ya dizeli. Kwa hiyo kanuni za nafasi ya valvu na alama za taimingi zinaihusu, lakini habari za plagi na koili, zinazotoa cheche za kuwashia petroli, haziihusu.

Mahitaji kabla ya kuanza

Tafuta kitabu cha ufundi cha injini yako, na uhakikishe kwamba ni cha injini hiyo hasa, kwa sababu gari la jina moja linaweza kuja na injini tatu tofauti. Andaa seti ya soketi, tokirenchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, filageji ya kupimia nafasi za valvu, venia au maikromita, geji ya kompresheni, na mashine ya kusoma kodi za gari, yaani namba za makosa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta yake. Kama injini yako ina distribyuta, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, utahitaji pia taa ya taimingi. Nunua gasketi mpya ya tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini. Tochi nzuri, vitambaa visivyotoa nyuzi, daftari na chupa ndogo ya rangi ya kucha kwa ajili ya kuweka alama visikosekane.

Utahitaji siku mbili zisizo na haraka. Kompresheni hupimwa injini ikiwa ya moto, na nafasi za valvu hupimwa ikiwa imepoa kabisa, yaani imelala usiku kucha.

Onyo moja kabla ya yote: kama tangu kamshafti ifungwe unasikia mlio wa chuma kugonga chuma, au stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida kana kwamba injini haina upinzani, usiendelee kupiga stata. Katika injini nyingi za kisasa pistoni na valvu hupishana kwa nafasi ndogo sana, na taimingi ikikosewa valvu hupinda. Anza moja kwa moja na hatua ya 5, ukizungusha injini kwa mkono.

Jambo la kuelewa

Krankshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huzunguka mara mbili kamshafti inapozunguka mara moja, na gia ya kamshafti ina meno mara mbili ya gia ya krankshafti. Kama gia ya kamshafti ina meno 36, kuruka jino moja ni kosa la digrii 10 kwenye kamshafti, ambalo ni sawa na digrii 20 za krankshafti. Injini inaweza kuwaka ikiwa na kosa hilo, na ndiyo maana watu hudhani kwamba taimingi iko sawa kwa kuwa gari limewaka.

Hatua za kazi

1. Andika dalili na orodha ya vilivyofunguliwa. Muulize fundi aliyefanya kazi, kwa heshima na bila kumtuhumu, ni nini alichofungua: je, hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) ilishushwa au kamshafti ilitolewa hedi ikiwa mahali pake? Cheni au mkanda ulibadilishwa? Kamshafti ilikuwa mpya au ya mtumba? Majibu haya yanaweza kukuokolea siku nzima.

2. Soma kodi kabla ya kuzifuta. Kodi ya P0016 inasema kwamba krankshafti na kamshafti hazikubaliani, na kwa gari lililotoka kufungwa kamshafti hiyo ni karibu sawa na kuambiwa ukague taimingi. P0340 inahusu mzunguko wa umeme wa sensa ya kamshafti, na haimaanishi kwamba sensa imekufa. Plagi ya waya isiyoingia vizuri huileta, na katika baadhi ya injini kamshafti yenye meno ya sensa yasiyolingana na ya awali huileta pia. P0011 na P0012 zinahusu gia ya VVT-i, inayobadilisha taimingi ya kamshafti injini ikizunguka. P0300 ni kumisi kusiko na mpangilio, ilhali P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe. P0171 inasema hewa imezidi petroli, na mara nyingi hiyo ni hewa inayovutwa pembeni.

3. Kagua kila kitu kilichoguswa, injini ikiwa imezimwa. Angalia plagi ya waya ya sensa ya kamshafti, ile ya valvu ya oili ya VVT-i, koili zote nne, waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, mpira wa vakyumu wa breki, na bomba la hewa kati ya ea klina na throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Chomoa koili uchungulie kwenye mashimo ya plagi: ukikuta oili, gasketi ya tapeti kava au sili za mashimo hayo hazikukaa, na oili hiyo inatosha kabisa kusababisha kumisi. Kisha washa injini, uminye mipira ya vakyumu mmoja baada ya mwingine kwa koleo lililofungwa kitambaa, usikilize sailensa inavyobadilika. Usipulizie petroli wala kimiminika chochote kinachowaka kwenye injini ya moto ili kutafuta mahali panapovuta hewa, ingawa utaona wengi wakifanya hivyo.

4. Pima kompresheni. Pasha injini moto, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli na plagi za waya za koili, toa plagi zote nne, fungua throto yote, kisha piga stata hadi mshale wa geji usiendelee kupanda. Rudia kwa kila silinda na uandike namba zote.

Hapa ndipo mafundi wa kwetu wanapopotezwa na vitabu, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Namba za kitabu huchukulia kwamba uko karibu na usawa wa bahari. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, ambako mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Moshi iko kati ya mita 800 na 900, na mgandamizo wake ni takriban asilimia 90. Silinda haiwezi kubana hewa ambayo haikuingia. Kwa hiyo, kama kitabu kinasema injini nzima isome kilo 15 (kwa kila sentimita ya mraba), injini hiyohiyo ikiwa salama itasoma karibu 12.7 Arusha na karibu 13.5 Moshi. Nimeona injini nzuri zikihukumiwa kwamba ringi za pistoni zimekwisha kwa sababu tu geji ilisomwa bila kukumbuka mlima tuliokaa juu yake. Geji ya vakyumu nayo ni hivyohivyo: mahali ambapo pwani ingesoma inchi 18 za zebaki kwenye sailensa, Arusha itasoma kati ya 13 na 14, na hiyo si dalili ya taimingi kuchelewa.

Linalokuhusu zaidi kuliko ukubwa wa namba ni tofauti kati ya silinda na silinda, ambayo kwa injini nyingi haipaswi kuzidi kilo 1. Silinda zote nne zikiwa chini kwa kiwango kinachofanana, hata baada ya kuondoa athari ya mwinuko, shuku taimingi ya kamshafti. Silinda moja ikiwa chini peke yake, shuku valvu isiyofunga, ama kwa kukosa nafasi ama kwa kupinda. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye silinda hiyo na upime tena: namba ikipanda sana, ringi zina tatizo lililokuwepo tangu zamani, isipopanda, tatizo ni valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, na hedi ilishushwa, gasketi ya hedi ndiyo ya kuulizwa.

5. Hakiki taimingi kwa mkono. Ondoa waya hasi wa betri, fungua tapeti kava, na uache plagi zikiwa nje ili injini izunguke kwa wepesi. Zungusha krankshafti kwa soketi kwenye boliti ya puli yake, kwa mwelekeo ambao injini huzunguka ikiwa inawaka, hadi pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu kabisa. Usizungushe kinyume, kwa sababu upande uliolegea wa cheni au mkanda unaweza kuruka jino. Ukitaka kuthibitisha kwamba pistoni iko juu, ingiza mrija mrefu wa plastiki kwenye shimo la plagi na uushike wakati wote; kijiti cha mti kinaweza kukatikia ndani.

Sasa tazama alama za gia za kamshafti na uzilinganishe na mchoro wa kitabu. Kama ziko upande wa pili kabisa, usiogope: krankshafti imezunguka mara moja na kamshafti nusu tu, basi ongeza mzunguko mmoja kamili. Kwenye injini nyingi za aina hii, pistoni ya kwanza ikiwa juu katika mkupuo wa kubana hewa, nundu za silinda ya kwanza hazikandamizi valvu yoyote. Zungusha mizunguko miwili kamili na utazame tena, kisha miwili mingine. Alama zinazokubaliana mara ya kwanza na kukataa mara ya pili zinaonyesha tenshena (kikaza cheni au mkanda) isiyokaza.

Makosa yanayorudiwa mno hapa ni mawili. La kwanza ni kutumia viungo vya cheni vilivyopakwa rangi kama alama za kudumu. Viungo hivyo husaidia wakati wa kufunga tu. Injini ikishazunguka, havirudi kwenye alama za gia hadi baada ya mizunguko mingi sana, na mtu asiyejua hilo hufungua cheni iliyokuwa sahihi na kuiharibu. La pili ni kuamini alama ya puli ya nje bila kuikagua. Puli hiyo ina mpira katikati yake, na mpira ukichoka sehemu ya nje huteleza pamoja na alama yake. Ukiona alama ya puli na mrija wa plastiki havikubaliani, amini mrija.

Kwenye 5A-FE na 3S-FE, mkanda huzungusha kamshafti moja, nayo huzungusha ya pili kwa gia. Hivyo kuna alama za kukagua kati ya kamshafti na kamshafti pia, siyo za mkanda peke yake. Mkanda unaweza kuwa sahihi kabisa huku kamshafti ya pili ikiwa imekosewa jino.

6. Kagua gia ya VVT-i, kama injini yako inayo. Gia hii hufungwa ikiwa imejifunga yenyewe katika hali ya kuchelewa kabisa, na pini ya kamshafti lazima iingie kwenye mfereji wake kabla boliti haijakazwa. Ikikazwa bila pini kuingia, alama za nje zitaonekana sawa na valvu zitakuwa nje ya wakati. Toa valvu ya oili na kichujio chake uvisafishe, kwa kuwa silikoni iliyopakwa kwa wingi kwenye maungio hujikamua kwa ndani, hukatika vipande na kuziba njia za oili.

7. Pima nafasi za valvu, kazi ambayo gereji huita kuseti tapeti. Kamshafti nyingine, hata ikiwa mpya na halali, haina vipimo sawasawa na ile iliyotoka, kwa hiyo tapeti (vikombe vidogo vilivyo kati ya nundu na valvu) zilizofaa jana hazina sababu ya kufaa leo. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayorudisha magari mengi gereji.

Injini ikiwa baridi, na asubuhi za Juni na Julai hapa Arusha zinafaa sana, zungusha hadi nundu iangalie mbali na tapeti, kisha ingiza filageji kati yake. Kwa 1NZ-FE nafasi inayotakiwa ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingiza hewa na 0.25 hadi 0.35 kwa valvu za kutoa moshi. Filageji ipite kwa kukwaruza kidogo. Usiisukume kwa nguvu. Andika vipimo vyote 16 kabla ya kutoa tapeti hata moja.

Nafasi ikiwa kubwa mno utasikia mlio wa kugonga, jambo linaloudhi lakini lisiloua injini kwa haraka. Nafasi ikiwa ndogo mno ndiyo hatari, kwa sababu haina mlio: injini ikipata moto valvu hurefuka, hushindwa kufunga, kompresheni hupotea na mwisho valvu huungua. Dalili yake ni gari linalowaka vizuri asubuhi na kuanza kumisi likishapata moto.

Hesabu ya tapeti mpya ni hii: unene wa tapeti ya zamani, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi unayoitaka. Kwa mfano, tapeti ya zamani ina milimita 5.24, umepima 0.08 na unataka 0.20. Basi 5.24 + 0.08 − 0.20 = 5.12, na hiyo ndiyo tapeti ya kutafuta. Kwa injini zenye visahani juu ya tapeti, kama 3S-FE, hesabu ni hiyohiyo kwa unene wa kisahani. Kabla ya kununua, jaribu kuhamisha tapeti ulizonazo kutoka valvu moja kwenda nyingine, maana mara nyingi nusu yake hupata mahali. Usisage tapeti kwa grainda ili kuipunguza. Uso wake umeimarishwa kwa moto, na ukiuondoa nundu ya kamshafti italika tena.

8. Linganisha kamshafti mbili. Ile ya zamani usikubali itupwe kabla ya kazi kuisha. Pima urefu wa nundu kwa venia, hesabu meno ya sensa, na angalia matundu ya oili yako mahali pamoja. Kwa vipuri vya mtumba vinavyouzwa kwa kutazamwa tu, kamshafti ya injini ndugu inaweza kuingia bila shida kwenye hedi na bado isiwe yake.

9. Hakikisha kepu za kamshafti, yaani vifuniko vinavyoishikilia kwenye hedi. Kila kepu ina namba na mshale, na mshale huelekea mbele ya injini. Kepu zilichongwa pamoja na hedi yake, hivyo hazibadilishani nafasi wala haziazimwi kutoka hedi nyingine. Kukaza huanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa awamu kadhaa, na kumalizia na tokirenchi. Boliti ni ndogo na hedi ni ya aluminiamu, kwa hiyo mkono mzito hung'oa nyuzi.

10. Kwa injini yenye distribyuta, hakiki kwamba rota (kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta) inaelekea waya wa silinda ya kwanza pistoni hiyo ikiwa juu kwenye mkupuo wa kubana, na kwamba waya zimefuata mpangilio wa 1-3-4-2. Kisha weka taimingi ya moto, yaani wakati wa plagi kutoa cheche. Kwa 5A-FE na 3S-FE, unganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha kupimia kilicho chini ya boneti, injini ikiwa ya moto na kwenye sailensa, na uzungushe distribyuta hadi taa ya taimingi isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Ukisahau kuunganisha, kompyuta itakuwa ikibadilisha taimingi yenyewe na utaseti uongo.

11. Funga na ujaribu. Paka nundu oili kabla ya kufunika. Piga stata sekunde chache petroli ikiwa imekatwa, ili oili ipande, kisha uwashe. Taa ya oili izime mara moja. Ikikataa, zima injini. Kwa kuwa betri ilitolewa, kompyuta imesahau sailensa iliyoizoea, basi iache injini izunguke hadi ipate moto kabla ya kuihukumu. Halafu ipeleke kilimani: kutoka Moshi mjini kupanda Kibosho, au kutoka mjini Arusha kupanda kuelekea Ilboru. Injini isiyo na mzigo huficha mengi.

Dalili zinazobaki na mahali pa kutazama

Injini inazunguka kwa stata lakini haiwaki kabisa: plagi ya waya ya sensa ya kamshafti au ya krankshafti haikuingia, au distribyuta iko kinyume kwa nusu mzunguko. Kama inapiga mshindo kwenye bomba la hewa au la moshi, rudi hatua ya 5.

Inawaka, sailensa ni mbaya, lakini ukikanyaga mafuta inatulia: hewa ya pembeni, au valvu moja iliyobana. Ikiwa kinyume chake, yaani sailensa ni nzuri lakini haivuti, shuku taimingi iliyochelewa au gia ya VVT-i isiyosogea.

Mlio wa sekunde moja au mbili asubuhi kisha unanyamaza: tenshena ya cheni inayotumia oili inasubiri oili ifike. Ukiendelea zaidi ya hapo, kagua kama tenshena ilifunguliwa pini yake baada ya kufungwa. Kwa injini zenye tapeti za oili, mlio wa dakika chache baada ya kufungwa si kosa.

P0016 inarudi ingawa alama zote zinakubaliana: pima kamshafti tena kama hatua ya 8 inavyoelekeza, kagua pini ya gia ya VVT-i, na angalia kama cheni imerefuka kiasi kwamba tenshena imetoka karibu yote.

Gari lilitengenezwa Dar es Salaam au Tanga, likawa zuri, lakini lilipofika Arusha limepungua nguvu bila kumisi, bila kutetemeka na bila taa kuwaka: injini isiyo na tabo hupata hewa pungufu kwa takriban asilimia 15 kwenye mwinuko huu, na hakuna kamshafti itakayoirudisha. Pima tofauti kati ya silinda kama ilivyoelezwa kwenye hatua ya 4. Zikilingana, ifunge injini na usiifungue tena.